Kumbukumbu za saa za mazoezi ya udereva

Kumbukumbu za saa za mazoezi ya udereva ni maandishi yanayoonyesha muda ambao dereva mwanafunzi ameendesha gari akiwa na msimamizi mwenye leseni kamili, kabla ya kuruhusiwa kuendesha peke yake. Kwa kawaida huwekwa katika daftari maalumu, katika fomu au katika programu ya simu. Kila safari huandikiwa tarehe, saa ya kuanza, saa ya kumaliza na hali ya barabara, kisha msimamizi hutia saini.

Utaratibu huu umeenea hasa nchini Australia na katika majimbo mengi ya Marekani. Huko kijana anaweza kupata leseni ya kujifunza akiwa na miaka 15 au 16, na mara nyingi anayekaa naye garini ni mzazi wake, si mwalimu wa shule ya udereva. Mamlaka ya leseni haiwezi kuwepo katika kila safari ya familia, kwa hiyo hutegemea maandishi hayo kama ushahidi kwamba kijana amepata mazoezi ya kutosha.

Kumbukumbu hizi hupima muda, si ustadi. Saa 50 zilizotumika katika njia ileile ya kwenda shuleni mchana si sawa na saa 50 zilizogawanywa kati ya mvua, giza, foleni za mjini na barabara kuu. Ndiyo maana sheria nyingi hazitaji jumla ya saa peke yake, bali hutaka pia sehemu yake ifanyike usiku, na pengine katika hali mbaya ya hewa.

## Sababu za kuwepo kwake

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu milioni 1.19 walikufa katika ajali za barabarani mwaka 2021. Majeraha ya barabarani ndiyo chanzo kikuu cha vifo vya watu wenye umri wa miaka 5 hadi 29.

Kwa madereva vijana, hatari hailingani katika hatua zote za kujifunza. Wakati kijana anaendesha akiwa na mtu mzima pembeni, ajali huwa chache. Hatari hupanda ghafla mara tu anapoanza kuendesha peke yake, kisha hupungua kwa kasi katika miezi ya kwanza kadiri uzoefu unavyoongezeka. Hatari hiyo huwa kubwa zaidi usiku, na pia kijana anapobeba abiria wa rika lake.

Sababu kubwa ya hali hiyo ni kwamba kuendesha gari kuna sehemu mbili. Ya kwanza ni kulimudu gari lenyewe: usukani, breki, gia, vioo na kuegesha. Sehemu hii hujifunzwa kwa muda mfupi. Ya pili ni kuisoma barabara: kutambua kwamba mpira uliovuka njia unaweza kufuatwa na mtoto, au kwamba basi lililosimama linaweza kumficha mtu anayevuka. Sehemu hii haifundishiki kwa maneno tu. Hutokana na kuona mambo mengi barabarani, na hiyo ndiyo hoja ya wanaotaka mazoezi ya saa nyingi.

## Historia

Kumbukumbu za saa zilienea pamoja na mfumo wa leseni za hatua kwa hatua. Katika mfumo huo kijana hapati leseni kamili kwa mara moja. Huanza na leseni ya kujifunza, ambapo ni lazima awe na msimamizi, kisha hupata leseni yenye masharti, kwa mfano kutoendesha usiku wa manane au kutobeba vijana wengi, na mwishowe hupata leseni kamili.

New Zealand ilianza kutumia mfumo huo mwaka 1987. Nchini Kanada jimbo la Ontario liliufuata mwaka 1994. Nchini Marekani Florida ilikuwa jimbo la kwanza kuwa na mfumo kamili wa hatua tatu, mwaka 1996, na majimbo mengine yakafuata katika miaka iliyofuata.

Uswidi ilichangia kwa njia nyingine. Mnamo Septemba 1993 nchi hiyo ilishusha umri wa kuanza kujifunza kutoka miaka 17 na nusu hadi 16, lakini umri wa kupata leseni ukabaki 18. Vijana wakapata muda mrefu zaidi wa kufanya mazoezi. Utafiti uliofanywa baadaye ulionyesha kwamba walioanza wakiwa na miaka 16 walifikisha wastani wa takriban saa 118 za mazoezi, wakati hapo awali wastani ulikuwa kati ya saa 41 na 47. Baada ya kupata leseni, hatari yao ya kupata ajali ilikuwa chini kwa zaidi ya theluthi moja. Matokeo hayo yametajwa mara nyingi katika mijadala ya nchi nyingine kuhusu idadi ya saa zinazofaa.

Nchini Australia, New South Wales iliweka saa 50 za lazima mwaka 2000, kisha ikazipandisha hadi 120 mwaka 2007. Jimbo la Victoria pia liliweka saa 120 mwaka huohuo.

## Masharti katika nchi mbalimbali

### Australia

Nchini Australia kila jimbo lina sheria zake za leseni. Masharti ya saa huwahusu hasa vijana. Victoria huyatumia kwa wanafunzi walio chini ya miaka 21, na New South Wales na Queensland kwa walio chini ya miaka 25.

| Jimbo | Jumla ya saa | Kati ya hizo, usiku |
|---|---|---|
| New South Wales | 120 | 20 |
| Victoria | 120 | 20 |
| Queensland | 100 | 10 |
| Tasmania | 80 | 15 |
| Australia Kusini | 75 | 15 |
| Australia Magharibi | 50 | 5 |

Katika New South Wales na Queensland, saa moja ya somo na mwalimu aliyesajiliwa huweza kuandikwa kama saa tatu, lakini kwa masomo yasiyozidi saa 10. Kwa hiyo saa 10 za mwalimu huhesabiwa kuwa 30. New South Wales huongeza pia saa 20 kwa mwanafunzi aliyemaliza kozi maalumu ya madereva vijana, baada ya kuwa na angalau saa 50 katika daftari lake.

### Marekani

Nchini Marekani pia kila jimbo hujiamulia. Mengi yanataka saa 50, zikiwemo 10 za usiku. Ifuatayo ni mifano ya masharti kwa vijana:

| Jimbo | Jumla ya saa | Sharti la ziada |
|---|---|---|
| Maine | 70 | 10 usiku |
| Pennsylvania | 65 | 10 usiku na 5 katika hali mbaya ya hewa |
| Maryland | 60 | 10 usiku |
| California | 50 | 10 usiku |
| Ohio | 50 | 10 usiku |
| Minnesota | 50 | 15 usiku |
| Virginia | 45 | 15 usiku |
| Texas | 30 | 10 usiku |

Katika Minnesota jumla hupungua hadi saa 40 ikiwa mzazi amehudhuria darasa la wazazi kuhusu udereva wa vijana. Oregon hutaka saa 50 kwa kijana aliyemaliza kozi ya udereva iliyoidhinishwa, na saa 100 kwa ambaye hakuimaliza.

Namna ya kuthibitisha saa hutofautiana pia. Majimbo kama Colorado na North Carolina hutaka jedwali la safari lililojazwa na kutiwa saini. Pennsylvania hutaka fomu ambayo mzazi anathibitisha kwamba saa zimetimia. Ohio hutaka hati ya kiapo mbele ya ofisa mwenye mamlaka ya kushuhudia viapo. Hata pale ambapo jedwali lenyewe halidaiwi, familia nyingi huliweka ili mzazi anayetia saini awe na msingi wa anachokithibitisha.

### Ulaya

Ufaransa hupima umbali badala ya saa. Kijana anaweza kuanza akiwa na miaka 15. Kwanza husoma katika shule ya udereva, kisha huendesha pamoja na msindikizaji mwenye leseni ya angalau miaka 5. Ni lazima afikishe kilomita 3,000 katika muda usiopungua mwaka mmoja, na safari zake huandikwa katika kijitabu cha mafunzo.

Eire ilianzisha mwaka 2011 masomo 12 ya lazima, ambayo mwalimu huyaandika katika kitabu cha mwanafunzi, na mazoezi ya kawaida hufanywa kati ya somo moja na jingine. Nchini Uingereza hakuna idadi ya saa inayolazimishwa na sheria: mwanafunzi hupimwa kwa mtihani tu. Ujerumani hutumia njia tofauti: kijana wa miaka 17 hufaulu mtihani kwanza, kisha huendesha akiwa na msindikizaji mpaka atimize miaka 18.

## Yanayoandikwa

Madaftari hutofautiana, lakini mengi huwa na sehemu zifuatazo:

- tarehe ya safari;
- saa ya kuanza na saa ya kumaliza;
- tarakimu za mita ya kilomita mwanzoni na mwishoni mwa safari;
- namba ya usajili ya gari;
- mahali pa kuanzia na pa kuishia;
- aina ya barabara: mtaa wa makazi, katikati ya mji, barabara kuu au barabara ya vumbi;
- hali ya hewa na ya barabara, kama vile kavu, mvua, ukungu au theluji;
- mwanga: mchana, magharibi au usiku;
- wingi wa magari;
- jina la msimamizi, namba ya leseni yake na saini yake;
- jumla ya muda wa safari na jumla kuu mpaka siku hiyo.

Tarakimu za mita ya kilomita husaidia kuhakiki muda. Safari ya saa mbili iliyoongeza kilomita 9 tu huzua swali: ama gari lilikaa katika foleni kubwa, ama muda haukuandikwa sawasawa.

Baadhi ya madaftari, kwa mfano yale ya Australia, huwa pia na orodha ya stadi za kufikiwa, kama kupanda mlima kwa gari la gia za mkono, kuingia katika mzunguko, kubadili njia na kuegesha kati ya magari mawili. Orodha hiyo hufidia upungufu wa hesabu ya saa, kwa sababu humlazimisha msimamizi kutazama kijana anaweza nini, si ameketi kwenye usukani muda gani.

## Jinsi ya kuhesabu saa

### Muda unaohesabiwa

Unaohesabiwa ni muda ambao mwanafunzi mwenyewe ameendesha. Kituo cha kula, kujaza mafuta au kumsubiri mtu hakiingii. Katika safari ndefu ambayo mzazi na kijana wamepokezana usukani, huandikwa sehemu ya kijana tu.

### Dakika na desimali

Kosa la kawaida ni kuchanganya dakika na desimali. Saa moja na dakika 45 ni saa 1.75, si 1.45. Mtu akijumlisha saa 1 na dakika 45 na dakika 50, jibu ni saa 2 na dakika 35. Njia salama ni kuandika kila safari kwa dakika, kujumlisha dakika zote, kisha kugawanya kwa 60 mwishoni. Saa 50 ni dakika 3,000, na saa 120 ni dakika 7,200.

### Saa za usiku

Kwa kawaida usiku huhesabiwa kuanzia jua linapozama mpaka linapochomoza. Safari inayoanza mchana na kuishia gizani hugawanywa. Kwa mfano, ikiwa jua limezama saa 17:08 na kijana ameendesha kuanzia 16:40 hadi 17:55, safari nzima ni dakika 75: dakika 28 ni za mchana na 47 ni za usiku.

Katika nchi zilizo mbali na ikweta, upatikanaji wa saa za usiku hubadilika sana kwa majira. Katika Minnesota jua huzama karibu saa 21:00 mwezi Juni, lakini mwezi Desemba huzama karibu saa 16:30. Melbourne huwa kinyume: usiku huingia mapema mwezi Juni, kwa kuwa huo ndio wakati wa baridi huko. Kijana anayesubiri kiangazi ili kukamilisha saa zake hulazimika kukesha, ilhali wakati wa baridi angezipata baada ya shule. Tatizo hili si rahisi kulifikiria kwa mtu aliyezoea Afrika Mashariki, ambako jua huzama karibu wakati uleule mwaka mzima.

### Saa za Kiswahili na saa za fomu

Familia zinazozungumza Kiswahili ughaibuni hukutana na jambo jingine. Kwa Kiswahili saa huhesabiwa kuanzia macheo na machweo: saa moja jioni ni 19:00, na saa mbili usiku ni 20:00. Fomu za serikali hutumia hesabu inayoanza usiku wa manane na adhuhuri. Safari iliyoanza "saa moja jioni" ikiandikwa kama saa 1:00 itasomwa kuwa ya alasiri au ya usiku wa manane, na mistari ya aina hiyo inaweza kumkosesha kijana saa zake za usiku au kulifanya daftari litiliwe shaka. Kuandika kwa mtindo wa saa 24, pale fomu inaporuhusu, huondoa utata huo.

## Kupanga mazoezi

Idadi kubwa ya saa huonekana nzito, lakini ikigawanywa huwa nyepesi. Saa 50 katika miezi 6, yaani wiki 26, ni chini kidogo ya saa 2 kwa wiki. Saa 120 katika mwaka mmoja ni saa 10 kwa mwezi, au takriban saa 2 na dakika 20 kwa wiki. Saa 10 za usiku ni safari 20 za nusu saa.

Walimu wengi wa udereva hushauri mazoezi yapande ngazi. Mwanzoni kijana hujifunza katika uwanja mtupu au eneo la kuegesha lisilo na magari: kuondoka, kusimama, kurudi nyuma na kukata kona. Baadaye huingia mitaa ya makazi, kisha barabara zenye mataa na mizunguko, kisha katikati ya mji, na hatimaye barabara kuu za mwendo wa kasi. Kila ngazi hurudiwa baadaye usiku na wakati wa mvua.

Saa hazifai kuachwa zirundikane mwishoni. Kijana aliyebakiza saa 30 na wiki tatu kabla ya mtihani hulazimika kuendesha karibu saa moja na nusu kila siku. Safari za namna hiyo mara nyingi huwa za kuzunguka tu ili muda upite, na uchovu hupunguza kile kinachojifunzwa. Kupitia daftari kila mwezi huonyesha mapema ni safu ipi iliyo tupu, kwa mfano kwamba kijana ana saa 40 lakini hajawahi kuendesha kwenye mvua.

## Wajibu wa msimamizi

Msimamizi hukaa kiti cha mbele pembeni ya mwanafunzi. Sheria humtaka awe na leseni kamili, na baadhi ya majimbo huongeza sharti la umri. California, kwa mfano, hukubali mzazi, mlezi au mtu mzima mwingine mwenye umri wa angalau miaka 25. Katika New South Wales msimamizi lazima awe na leseni kamili ya Australia. Leseni ya nchi nyingine haitoshi, hata kama mwenye nayo ameendesha kwa miaka mingi.

Msimamizi hahesabiwi kuwa abiria wa kawaida. Katika majimbo ya Victoria na New South Wales, kiwango cha pombe katika damu yake lazima kiwe chini ya 0.05, na mwanafunzi mwenyewe hatakiwi kuwa na pombe hata kidogo. Msimamizi anayelala au kutazama simu hasimamii, hata kama muda wa safari utaandikwa.

Katika jimbo la North Carolina watafiti waliweka kamera ndani ya magari ya familia zilizokuwa zikiwafundisha vijana. Waliona kwamba maneno mengi ya wazazi yalihusu kulimudu gari, kama vile "punguza mwendo" au "kata hapa". Mazungumzo kuhusu kutambua hatari kabla haijatokea yalikuwa machache zaidi, na safari nyingi zilikuwa za kawaida, katika hali nyepesi. Kwa sababu hiyo baadhi ya miongozo huwashauri wazazi wamtake kijana aseme kwa sauti anachokiona na anachotarajia: mtembea kwa miguu kushoto, gari linalotaka kutoka, taa inayokaribia kugeuka nyekundu. Neno moja la maelezo ya namna hiyo katika safu ya maoni huwa na faida zaidi ya neno "vizuri".

## Daftari la karatasi na programu za simu

Daftari la karatasi halihitaji chaji wala mtandao, lakini linaweza kupotea. Likipotea likiwa na saa 90, na hakuna nakala, mwanafunzi anaweza kutakiwa kuanza upya. Ni desturi nzuri kupiga picha kila ukurasa unapojaa.

Programu za simu hujumlisha muda zenyewe na kutenganisha saa za mchana na za usiku. Jimbo la Victoria lina programu yake rasmi iitwayo myLearners. Si kila programu inayopatikana inakubaliwa na mamlaka ya leseni, kwa hiyo ni lazima kijana ahakikishe kabla ya kuanza kuitumia. Programu huwashwa kabla ya gari kuondoka na kuzimwa baada ya kusimama: simu haishikwi wakati wa kuendesha.

## Ukosoaji

### Maandishi ya uongo

Udhaifu mkubwa wa kumbukumbu hizi ni kwamba wanaozijaza ndio wanaonufaika nazo. Wapo wanaoongeza dakika, wanaoandika safari ambazo hazikufanyika, au wanaojaza kurasa nyingi kwa siku moja kabla ya mtihani. Dalili zake hujulikana: kalamu moja na mwandiko mmoja kwa miezi yote, muda unaoishia daima kwenye saa kamili, na mita ya kilomita isiyolingana na safari. Kutoa taarifa za uongo kwa mamlaka ya leseni ni kosa la kisheria, na adhabu yake inaweza kuwa faini au kunyimwa leseni.

Hata hivyo, hasara kubwa zaidi haimo katika faini. Saa zisizofanyika huondolewa katika kipindi chenye ajali chache, ambapo kijana ana mtu mzima pembeni, na kuhamishiwa katika kipindi cha hatari, ambapo yuko peke yake.

### Matokeo yasiyolingana

Tafiti hazikubaliani kuhusu idadi inayofaa. Matokeo ya Uswidi yalikuwa mazuri, lakini vijana wa huko walijichagulia wenyewe kuanza mapema, na hali ya familia zao ilichangia sehemu ya tofauti. Nchini Marekani imekuwa vigumu kuonyesha kwamba kupandisha idadi ya saa peke yake hupunguza ajali, kwa sababu masharti mengine, kama kukatazwa kuendesha usiku na kubeba abiria vijana, yaliwekwa pamoja nayo. Wakosoaji wengine husema kwamba idadi kubwa huwashawishi watu kudanganya. Watetezi hujibu kwamba bila idadi, wazazi wengi wangeishia kwenye saa chache tu.

### Usawa

Saa 120 zinahitaji gari, mafuta, bima na mtu mzima mwenye leseni na muda. Familia isiyo na gari, mzazi anayefanya kazi za zamu, kijana anayelelewa nje ya familia yake na wahamiaji wapya huweza kukwama hapo. Kijana tajiri anaweza kulipia masomo. Asiye na uwezo huchelewa kupata leseni, na katika maeneo yasiyo na usafiri wa umma kuchelewa huko humfungia kazi na masomo. Mkanganyiko ni kwamba sharti lililowekwa ili kulinda maisha huweza pia kuwasukuma wengine kuendesha bila leseni kabisa.

Ili kupunguza tatizo hilo, jimbo la Victoria lina mpango uitwao L2P. Katika mpango huo watu wa kujitolea huwasimamia vijana wasio na gari au msimamizi, kwa magari ya mpango wenyewe.

## Afrika Mashariki na Waswahili wa ughaibuni

Nchini Kenya na Tanzania leseni ya gari dogo hutolewa kuanzia miaka 18. Mwanafunzi hupata leseni ya muda ya kujifunza, na gari analojifunzia huwekwa kibao chenye herufi L. Mafunzo hufanyika zaidi katika shule za udereva kuliko kwa wazazi, na kwa kawaida mwanafunzi hulipia idadi fulani ya vipindi. Mtihani nchini Tanzania husimamiwa na Jeshi la Polisi kupitia kikosi cha usalama barabarani. Nchini Kenya mamlaka husika ni NTSA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012. Daftari la saa la familia, kwa namna ya Australia au Marekani, si sehemu ya desturi ya huko.

Kwa hiyo wazazi waliotoka Afrika Mashariki na kuhamia ughaibuni, kama Wakenya wengi wanaoishi Minnesota, hujikuta wakipewa kazi ambayo kwao ilikuwa ya mwalimu. Aliyejifunza udereva Kenya, Tanzania au Uganda alizoea kupita upande wa kushoto, kama ilivyo Australia. Marekani hupita kulia, kama ilivyo Rwanda, Burundi na Kongo. Mazoea ya zamani ya mzazi huweza kujitokeza katika maelekezo yake, hasa kwenye kona na mizunguko, na kuna faida kijana kupata angalau masomo machache ya mwalimu kabla ya saa za nyumbani kuanza kuhesabiwa.

## Tazama pia

- Leseni ya udereva
- Usalama barabarani
- Shule ya udereva